RANGI ZA MOTO WA ROKETI

Yeyote aliyepata kukaa karibu na jiko amewahi kuona jambo hili. Chungu cha mchuzi kikifurika, maji yenye chumvi yakadondokea motoni, ule moto uliokuwa wa samawati hugeuka mara ukawa wa manjano, kisha hurudia hali yake. Mpishi hufunua kifuniko, akapunguza moto, na habari ikaisha. Ni wachache wanaojiuliza: Je, manjano yale yametoka wapi? Chumvi ni nyeupe, maji hayana rangi, na moto ulikuwa wa samawati. Katika mazungumzo haya twataka kulijibu swali hilo, maana mwenye kulielewa jibu lake amekwisha kupata ufunguo wa jambo kubwa zaidi: yaani kwa nini roketi moja hupanda kwa moto mwekundu, nyingine kwa moto wa kijani, nyingine kwa moto mweupe wa kuumiza macho, na nyingine kwa moto ambao ni vigumu kuuona mchana.

Wako watu katika nchi kadha wa kadha, hasa Marekani na Uingereza, ambao kwao roketi si kazi ya kuwapatia mshahara bali ni mchezo wa siku ya mapumziko. Mmoja ni mwalimu, wa pili ni fundi wa umeme, wa tatu ni karani. Siku hiyo ikiwadia, hukusanyika katika uwanja mpana usio na nyumba wala miti, kila mmoja na roketi yake aliyoiunda kwa karatasi ngumu, mbao nyepesi au bomba la plastiki, wakazirusha moja baada ya moja na kuziangalia zikirudi kwa mwavuli. Watu hawa hupenda roketi yao ipande juu sana, na hupenda vile vile moto wake upendeze macho. Tutaona kwamba matakwa hayo mawili hayapatani vizuri, na ya kwamba katika kuyatafuta bila elimu wako waliopoteza maisha yao.

Kwanza yafaa tujue kwamba nuru ya moto hutoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kitu kigumu kilichopata joto kali. Chuma kikitiwa katika tanuu ya mhunzi huanza kuwa chekundu, kisha hupata rangi ya machungwa, kisha ya manjano, na joto likizidi hukaribia weupe. Haidhuru ni chuma, jiwe au kaa. Joto likiwa moja, rangi nazo hukaribia kuwa moja. Kibatari chetu hutoa nuru kwa njia hiyo. Mafuta ya taa hayapati hewa ya kutosha utambini, basi chembe ndogo sana za masizi huzaliwa ndani ya moto, nazo ndizo zing'aazo manjano. Mtu akitaka ushahidi, na aweke sahani baridi juu ya ulimi wa moto ule, ataona masizi yameishika. Lakini mafuta yale yale yakitiwa katika jiko la pampu, ambalo huyageuza kuwa mvuke na kuyachanganya vizuri na hewa, masizi hayapati nafasi ya kuzaliwa. Moto huwa wa samawati, na sufuria haishiki weusi.

Samawati ile ndiyo njia ya pili. Haitoki kwa kitu kigumu, bali kwa hewa yenyewe iliyopata joto, yaani kwa vipande vidogo vya mafuta vinavyovunjika na kuungana tena katika muda mfupi usioweza kuhesabika kwa saa zetu. Na katika njia hii ya pili rangi haifuati joto peke yake. Yafuata aina ya kitu kilichomo. Hapo ndipo siri ya rangi zote za fataki na za roketi ilipo.

Mfano wa mkwezi utatufaa. Mkwezi apandaye mnazi hukanyaga vidato vilivyochongwa katika shina. Aweza kusimama katika kidato cha kwanza, cha pili au cha tatu, lakini hawezi kusimama baina ya kidato na kidato, kwa kuwa hapana pa kukanyaga. Ndani ya kila atomu mna vijichembe viitwavyo elektroni, navyo vina vidato vyao. Joto la moto hukirusha kijichembe kutoka kidato cha chini hadi cha juu. Huko hakikai, hushuka mara, na nguvu iliyokipandisha hutoka kwa sura ya nuru. Mteremko ukiwa mrefu, nuru huelekea samawati na zambarau. Ukiwa mfupi, huelekea nyekundu. Na kama vile mnazi mmoja usivyochongwa kwa vipimo vya mwingine, vidato vya atomu ya chumvi si vidato vya atomu ya shaba, wala vya shaba si vya chokaa. Kwa hiyo kila aina ya atomu ina nuru yake, isiyoazima wala kuazimwa.

Madini yaliyomo katika chumvi ya chakula huitwa sodiamu. Mteremko wake mkubwa hutoa nuru ya manjano ambayo urefu wa wimbi lake ni karibu nanomita 589, na nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Nuru hiyo ni kali mno, hata chembe ya chumvi isiyoonekana kwa macho yatosha kuugeuza moto mzima. Hili ndilo jibu la swali letu la jikoni. Nalo ni adui wa kwanza wa mtengeneza fataki, kwa sababu chumvi iko kila mahali: katika jasho la mikono, katika vumbi, katika upepo wa pwani. Mtu aliyefanya kazi ya siku nzima kutafuta moto wa samawati aweza kuiharibu kazi yote kwa madawa yasiyosafishwa vema.

Habari hii haikujulikana kwa siku moja. Katikati ya karne ya 18 mtaalamu wa Berlin, Andreas Marggraf, alionyesha ya kwamba chumvi mbili zilizokuwa zikidhaniwa kuwa ni jamaa moja zaweza kutambulikana kwa moto: chumvi ya sodiamu hutoa manjano, na chumvi ya potasiamu hutoa zambarau iliyopauka. Miaka mia baadaye, katika mji wa Heidelberg, wataalamu wawili walishirikiana, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff. Bunsen alikuwa na taa ya gesi ambayo moto wake hauna karibu rangi yo yote; Kirchhoff akamshauri aitazame nuru ya kila chumvi kupitia kioo cha pembe tatu, kile kinachoitawanya nuru kama upinde wa mvua. Wakaona kwamba kila madini huandika mistari yake, kama mtu anavyotia sahihi yake katika barua. Kwa njia hiyo walivumbua madini mawili yasiyojulikana na mtu: siziamu mwaka 1860, ambayo ina mistari ya samawati, na rubidiamu mwaka 1861, ambayo ina mistari myekundu. Twapaswa kukumbuka pia kwamba Bunsen huyo, kabla ya siku hizo, alipoteza nuru ya jicho lake moja kwa chombo cha kioo kilichopasuka akichunguza dawa yenye sumu ya zarniki. Elimu ya moto imedai malipo tangu mwanzo wake.

Sasa tuzikaribie rangi za fataki. Mtu angedhani kwamba kupata moto mwekundu ni kuutia moto madini yenye nuru nyekundu, basi kazi imekwisha. Mambo si mepesi hivyo. Madini yatoayo rangi nyekundu nzuri ni strontiamu, na ya kijani ni bariamu, na ya samawati ni shaba. Lakini katika moto wa fataki rangi hizo hazitoki kwa atomu iliyo peke yake. Nyingi hutoka kwa atomu iliyoshikana na klorini, ile hewa yenye harufu kali ambayo hutumiwa kusafishia maji ya bomba. Strontiamu ikishikana na klorini hutoa nuru nyekundu, ambayo mawimbi yake mengi ni baina ya nanomita 600 na 690. Bariamu ikishikana na klorini hutoa kijani kibichi, karibu na nanomita 500 hadi 535. Shaba ikishikana na klorini hutoa samawati iliyochanganyika na zambarau, hasa baina ya nanomita 420 na 460. Klorini ikikosekana, strontiamu na bariamu hushikana na oksijeni, na rangi zao huchujuka kama kitambaa kilichoanikwa juani. Shaba ikikosa klorini hutoa rangi ya kijani, kama alivyoona kila fundi aliyeutia waya wa shaba motoni.

Maungano haya ni dhaifu. Huzaliwa motoni, na moto ule ule huyaua. Joto likiwa dogo hayang'ai, likizidi huvunjika. Yale ya shaba ndiyo dhaifu kuliko yote, na kwa sababu hiyo samawati imekuwa rangi ngumu kupita zote kwa mafundi wa fataki. Tena jicho la mwanadamu halioni samawati kwa wepesi kama linavyoona manjano na kijani. Kwa hiyo hata samawati njema huonekana hafifu ikiwekwa kando ya nyekundu.

Zamani fataki hazikuwa na rangi hizi. Baruti nyeusi, ambayo asili yake ni Uchina, ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Haina klorini, na moto wake hutoa cheche za machungwa na weupe uliopauka. Mlango wa rangi ulifunguliwa Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18, wakati Claude Berthollet alipotengeneza kloreti ya potasiamu, chumvi yenye oksijeni nyingi pamoja na klorini. Lakini mlango huo ulifunguliwa kwa damu. Mwaka 1788, katika kiwanda cha baruti cha Essonnes, walijaribu kuitia kloreti mahali pa shura ili kupata baruti yenye nguvu zaidi. Mchanganyiko ukalipuka, watu wawili wakafa. Berthollet mwenyewe, na mwenzake mashuhuri Antoine Lavoisier, waliokuwa wamehudhuria jaribio hilo, waliokoka. Kloreti hukasirika upesi. Ikichanganywa na kiberiti, au na chumvi za amonia, yaweza kulipuka kwa kusuguliwa tu, au hata kwa kukaa. Mafundi wa baadaye waliiacha kwa kazi nyingi, wakachukua ndugu yake aliye mtulivu zaidi, aitwaye pakloreti.

Hapa twaifikia roketi yenyewe. Roketi husukumwa na hewa ya moto itokayo nyuma yake. Kadiri hewa hiyo inavyotoka kwa kasi, ndivyo roketi inavyosukumwa mbele. Kasi hiyo hutegemea mambo mawili makubwa: joto la moto, na wepesi wa molekuli zitokazo. Moto mkali na molekuli nyepesi hutoa kasi kubwa. Roketi ndogo kabisa za mchezo hutumia baruti nyeusi iliyoshindiliwa na mashine kiwandani. Zile kubwa, tangu miaka ya 1970, hutumia mchanganyiko ulio kama mpira: pakloreti ya amonia, ambayo hutoa oksijeni, mpira wenyewe, ambao ndio unaoungua, na mara nyingi unga wa alumini, ambao huongeza joto.

Msomaji makini amekwisha kutambua jambo. Pakloreti ya amonia inayo klorini ndani yake! Basi mtengeneza roketi, bila ya kukusudia, ameshika nusu ya siri ya rangi. Lililobaki ni kutia chumvi kidogo ya strontiamu, au bariamu, au shaba. Ndivyo ilivyo kwa maneno. Lakini wahenga walisema: Mshika mbili moja humponyoka. Sababu za ugomvi baina ya nguvu na rangi ni tatu.

Ya kwanza ni alumini. Unga wake ukiungua hugeuka kuwa chembe za oksidi zenye joto kali mno, nazo hung'aa kwa ile njia ya kwanza tuliyoieleza, njia ya chuma cha mhunzi. Weupe huo huimeza rangi yo yote, kama jua linavyozimeza nyota mchana. Ya pili ni joto lenyewe. Mwenye kutafuta nguvu hutaka moto mkali iwezekanavyo, hali maungano ya klorini huvunjika katika moto wa namna hiyo. Ya tatu ni uzito. Atomu ya bariamu ni nzito karibu mara 136 kuliko ya hidrojeni, na ya strontiamu karibu mara 87. Kila kiasi cha madini hayo kilichomo ni mzigo ambao moto hauna budi kuubeba nje, na mwenye mzigo hakimbii kama asiye nao.

Basi watengenezaji wa injini za mchezo hufanya suluhu. Katika injini ya moto mwekundu huondoa alumini yote au karibu yote, na huacha mafuta yawe mengi kuliko oksijeni, ili strontiamu isiwahi kushikana na oksijeni hiyo. Hivyo joto nalo hupungua, na rangi huonekana nje ya mdomo wa injini, mahali ambapo hewa ya moto imekwisha kutanuka na kupoa kidogo. Injini ya kijani hufuata kanuni hiyo hiyo kwa bariamu. Injini ya samawati hukataa unga wa madini ung'aao, na moto wake huwa mwembamba, wa samawati inayoelekea zambarau. Mtu aliye mbali, jua likiwa kali, aweza asiuone. Anayetaka moto wa kuonekana maili nyingi huchagua mweupe, wenye alumini au magnesiamu, akaiacha rangi. Wako pia wapendao cheche. Hao hutia vipande vya titani, navyo hutoka vikiwaka na kuanguka mbali. Injini za cheche hukatazwa katika viwanja vingi wakati wa kiangazi, maana nyasi kavu hazijui tofauti ya mchezo na uadui.

Elimu hii si ya mchezo peke yake. Mwenye kuijua aweza kuusoma moto wa roketi kubwa kama asomavyo barua. Roketi ya Saturn V, iliyoruka tangu mwaka 1967 hadi 1973 na kuwapeleka watu mwezini, ilipanda kwa moto mkubwa wa machungwa, kwa kuwa daraja yake ya kwanza iliunguza mafuta ya jamaa ya mafuta ya taa: masizi yake ni yale yale ya kibatari. Chombo cha Space Shuttle, kilichofanya kazi tangu 1981 hadi 2011, kilionyesha njia zote mbili kwa mara moja. Roketi zake mbili za kando, zenye mpira, pakloreti na alumini, zilitoa moto mweupe na moshi mzito. Injini zake tatu za katikati ziliunguza hidrojeni, ambayo haina makaa wala madini, na moto wake ulikuwa hafifu kama mvuke.

Pwani yetu nayo imeshuhudia moto wa roketi. Tangu mwaka 1967 hadi 1988 Waitalia walirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Roketi hizo zilitumia mafuta magumu katika madaraja yake yote. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi moja iliondoka hapo na chombo cha kuchunguza nyota, nacho kikapewa jina la Uhuru.

Wakati mwingine rangi hutoa habari mbaya. Tarehe 9 Desemba 1020 na miaka elfu zaidi, yaani 2020, roketi ya majaribio ya Starship ilirushwa huko Texas, ikapanda vema, ikaanza kushuka ili itue. Injini zake huunguza gesi ya methani, ambayo moto wake wa kawaida huelekea samawati na zambarau. Lakini karibu na kutua, watazamaji waliona moto umegeuka kijani kikali. Tangi la mafuta lilikuwa limepungukiwa na shinikizo, oksijeni ikazidi, na waliojua maana ya rangi ile walitambua kwamba shaba ya ndani ya injini inaungua. Punde roketi ikagonga chini kwa kasi na kulipuka. Haikuwa na mtu ndani. Si kila kijani ni msiba, hata hivyo. Roketi kadha za mafuta huwashwa kwa dawa yenye boroni, na boroni nayo hutoa kijani. Mmweko wa kijani wakati wa kuwasha ni dalili njema. Dalili ni moja, maana ni mbili, na wakati ndio unaoamua.

Sasa hatuna budi kusema juu ya hatari, maana kijana mwenye akili akisoma habari hizi aweza kutamani kuchanganya madawa nyuma ya nyumba. Na asifanye hivyo. Waliomtangulia hawakuwa wajinga. Max Valier, mmoja wa waliowafundisha Wajerumani kupenda roketi, alikufa Berlin tarehe 17 Mei 1930, wakati injini aliyokuwa akiijaribu ilipopasuka na kipande cha chuma kikampiga kifuani. Mwezi wa Oktoba 1933 Reinhold Tiling alikuwa akishindilia baruti ya roketi pamoja na wasaidizi wake wawili; ikalipuka, na wote watatu wakafa. Hawa walikuwa watu wa elimu na uzoefu, na hawakusalimika.

Baada ya vita vikuu vya pili, vijana wengi wa Marekani waliokuwa wakijitengenezea roketi kwa mabomba ya chuma na baruti walikatika vidole, wakapofuka, na wengine wakafa. Dawa ya msiba huo ilitoka kwa muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, aitwaye Orville Carlisle. Mwaka 1954 alitengeneza roketi ndogo ya karatasi na mbao nyepesi, yenye injini iliyofanywa tayari, ambayo hutolewa baada ya kuungua na kutiwa nyingine mahali pake. Mwaka 1957 habari zake zilimfikia Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi ya usalama katika uwanja wa roketi wa White Sands. Stine alitambua mara moja thamani ya jambo lile: kijana ataunda mwili wa roketi, mabawa yake na mwavuli wake, nako kuchanganya madawa kutaachiwa kiwanda. Akaweka pamoja nayo kanuni ambazo zingali zikifuatwa: mwili wa roketi usiwe wa chuma, iwashwe kwa umeme kutoka mbali, watu wahesabiwe na kuonywa kabla ya kurusha. Kwa kanuni hizo mamilioni ya roketi ndogo zimerushwa, na mchezo uliokuwa ukiua umekuwa shule.

Rangi huongeza hatari zake zenyewe. Chumvi za bariamu ziyeyukazo majini ni sumu. Hudhuru moyo na misuli. Moshi wa injini za pakloreti una asidi ya chumvi ndani yake, basi usivutwe. Na pakloreti yenyewe ikimwagika hovyo huingia katika maji ya visima, ambako huweza kuizuia tezi ya shingo isipate iodini inayohitaji. Kwa hiyo katika Marekani baadhi ya visima karibu na viwanda vya roketi vimelazimika kusafishwa kwa gharama kubwa. Uzuri wa dakika moja angani usitulipishe kwa maji ya miaka mingi.

Lakini elimu ya moto wenye rangi haihitaji roketi. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mtu mzima na awe karibu, chukua kijiko cha chuma chenye maji ya chumvi, chovya ncha ya kijiti kibichi, ukipitishe pembeni mwa moto wa samawati wa jiko. Utaona manjano yale. Tazama kitambaa chekundu katika nuru hiyo peke yake: kitakuwa kama cheusi, kwa kuwa manjano ya sodiamu haina wekundu wa kukirudishia. Mwaka 1868 wataalamu waliona katika nuru ya jua mstari wa manjano uliokuwa karibu na huu wa chumvi, lakini si wenyewe. Wakasema liko jambo tusilolijua, wakaliita heliamu. Na miaka 27 ikapita kabla ya William Ramsay kuikuta heliamu hiyo hapa duniani, mwaka 1895. Walilijua jua kwa kulinganisha na chumvi ya jikoni.

Basi, chungu kitakapofurika tena, tusikasirike upesi. Tuutazame moto kidogo, kisha tufute jiko.